Uzito wa Magurudumu ya Nyuma

Mkunga alimpima mtoto mmoja mara mbili asubuhi ile. Mara ya kwanza aliutaja uzito kwa sauti, akatazama dirishani, akausahau. Mara ya pili akautaja tena, na ulikuwa uleule. Mama wa mtoto akashikwa na hofu.

"Dada, mwanangu ana tatizo?"

"Mwanao mzima kabisa, mama. Asiye mzima leo ni mimi."

Alicheka ili mama yule acheke, lakini kicheko chenyewe kiliishia kwenye meno. Siku nzima alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia: anaingia chumba cha sindano, anatoka, anafungua kabati la dawa, anasimama mbele yake hajui alichofuata. Wenzake pale zahanati walinong'onezana kwamba amegombana na mume. Masikini mume wa watu, hakuwa na kosa lolote. Kilichomnyima mkunga raha ni matairi manne mapya, meusi ti, yanayonukia duka, yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha fundi matairi.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi familia nzima ilikuwa inapanda milimani kwa mdogo wake mkunga, ambaye alikuwa anafungua duka la ushonaji. Mama yao, fundi cherehani wa siku nyingi, alikuwa amemwahidi binti huyo cherehani zake mbili za zamani, zile zenye miguu ya chuma ambazo wanaume wawili wakizibeba lazima mmoja atukane. Njia ya kupanda huko ni kona juu ya kona, kushoto ukuta wa jiwe, kulia hewa tupu. Na gari la kupandia lilikuwa la baba: kubwa, la juu, lenye safu tatu za viti na keria juu ya paa, lenye umri mkubwa kuliko ndoa ya mkunga. Nyumbani waliliita Bi Mkubwa. Mama, ambaye kwa haki jina hilo lilikuwa lake, alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi hapa ni mke mdogo. Mwenzangu yule huogeshwa kila Jumapili. Mimi najiogesha."

Matairi ya Bi Mkubwa yalikuwa yamebaki vipara. Mkunga alipotaka kuyashughulikia, baba akamkata kauli. Mzee huyo aliendesha malori tangu ujanani hadi alipostaafu, na mambo ya matairi hakutaka kufundishwa na mtu. Akaenda dukani na mama, wakanunua manne, akayapeleka kwa fundi, akamwambia binti yake kazi yake ni moja tu: kulifikisha gari pale Alhamisi asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Akalifikisha. Fundi matairi, mtu mfupi mwenye mikono mipana, akaviringisha tairi moja hadi kwenye mwanga, akainama, akasoma ubavu wake. Akasoma tena. Kisha akafungua mlango wa dereva, akafuta vumbi kwenye kibandiko kilichobandikwa na waliotengeneza gari.

"Haya yamenunuliwa na nani?"

"Na baba mwenyewe."

"Mwenyewe kwa mkono wake?"

"Kwani vipi? Hayaingii?"

"Kuingia yanaingia, ringi ni ileile. Hata kiatu cha mtoto kinaweza kukuingia ukikunja vidole." Akaweka kidole chake cheusi kwenye namba. "Hii hapa, baada ya saizi. Tisini na nane. Hiyo ndiyo nguvu ya tairi, uzito linaoweza kubeba. Tisini na nane maana yake kilo mia saba na hamsini, tairi moja. Sasa kibandiko cha gari kinasemaje? Mia na tisa. Hiyo ni kilo elfu moja na thelathini. Haya ni matairi ya gari dogo la kwenda sokoni, shemeji yangu. Hili ni gari la mizigo na watu."

Mkunga akauliza swali ambalo wote tungeuliza. "Yatapasuka?"

"Leo hapana. Hapa mjini, ukiwa peke yako, huenda yasipasuke kamwe. Lakini lijaze gari, lipandishe mlima jua likiwa utosini. Tairi lililozidiwa linapata joto, linachoka kwa ndani, na wewe unaliona jipya linang'aa. Likiamua kukuaga, linakuaga kwenye kona." Akanyanyuka, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Ninachoshangaa si matairi. Ni mzee. Mimi nilikuwa utingo wake. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma ubavu wa tairi. Angenikuta nafunga hili kwenye gari kama hili, angenizaba kofi."

"Basi mwambie."

"Mimi?" Fundi akacheka. "Wewe ndiye mwanawe. Mimi nangoja amri. Akisema nifunge, nafunga."

Hicho ndicho kilichomtembeza mkunga huku na huko siku nzima. Alifikiri muuzaji amemwibia baba yake mchana kweupe, na alijua kwamba kumwambia dereva wa zamani kuwa ameuziwa tairi lisilo lake ni sawa na kumwambia mpishi kuwa hajui chumvi.

Jioni alipita kwa wazazi. Baba alikuwa kwenye benchi barazani, mama ndani anakata kitambaa huku mlango uko wazi, mdomo wake ukifanya kazi pamoja na mkasi kama kawaida. Watoto wa mkunga walimwita Bibi Redio. Akiwa ndani ya gari ndiyo usiseme: hapitwi na jiwe wala mbuzi bila kumtangaza.

Mkunga alizungukazunguka kidogo, akauliza habari za miguu, akauliza habari za mvua, akashindwa kuendelea kujizuia. Akayasema yote: tisini na nane, mia na tisa, kibandiko, kona.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Uso wake haukubadilika, ila dole gumba lake la kulia lilikuwa linasugua ncha ya kidole cha shahada, linasugua na kusugua.

"Mia saba na hamsini," akasema. "Mara nne ni ngapi, wewe msomi?"

"Elfu tatu."

"Na Bi Mkubwa akijaa, na ninyi nyote, na vyuma vya mama yako, anafika kilo elfu tatu?"

"Sijui."

"Mimi najua. Hafiki. Kesi imekwisha."

"Lakini fundi anasema kibandiko..."

"Fundi huyo nilimfuta makamasi!" Mzee alipandisha sauti, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Nimepanda mlima ule na tani kumi mgongoni kabla hujajua kutambaa. Sijawahi kuangusha hata kuku. Leo nifundishwe uzito na mtu anayepima vichanga!"

Mkunga alimtazama mama yake kupitia mlangoni, akitarajia msaada. Siku zote mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumchoma mzee akijifanya mbabe. Lakini leo aliweka mkasi chini.

"Mwache baba yako," alisema. "Amesema hafiki, basi hafiki."

Mkunga aliondoka na hasira, na njiani hasira ile ikageuka kitu kingine asichokijua jina. Mama yake kunyamaza! Hilo nalo lilimsumbua kuliko namba.

Ijumaa alifanya kichekesho ambacho familia ile itakikumbuka. Aliwauliza watu wote uzito wao. Watoto wake wawili, vijana wa sekondari, walijibu bila shida. Mumewe, mwalimu, alipunguza kilo kadhaa huku akivuta tumbo ndani. Shangazi, dada yake baba, ambaye naye alikuwa abiria wa Jumamosi na ambaye viti humjua, alipigiwa simu akiwa sokoni.

"Uzito wangu?" Shangazi aliuliza polepole. "Mwanangu, mimi ni gunia?"

"Hapana, shangazi. Ni hesabu tu ya matairi."

"Basi yaambie matairi kwamba uzito wangu anaujua Mungu na kitanda changu. Mwingine asiniulize."

Mkunga akamkadiria. Jioni akajumlisha gari tupu, watu saba, cherehani, magunia mawili ya unga, marobota ya vitambaa. Akajumlisha tena. Mara zote ilikuja chini ya elfu tatu. Baba alikuwa sahihi.

"Haya," mumewe akasema, akisahihisha madaftari yake, "umepata jibu. Kaa sasa."

Alikaa. Akainuka. Akaenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa. Kuna kitu kilikuwa kinamwasha na hakujua akune wapi. Akasimama katikati ya chumba ameshika kiuno, vile wajawazito wanavyosimama kwenye foleni yake kila siku, na hapo ndipo kikamjia.

"Mama mjamzito," alimwambia mumewe, "akiongezeka kilo kumi, unadhani zinagawanyika sawasawa kichwani, mikononi na miguuni?"

"Sijawahi kufikiria."

"Haziendi huko. Zinakaa kiunoni. Kiuno ndicho kinacholia. Na gari lina kiuno. Karibu sote tunakaa nyuma, mizigo yote iko nyuma! Baba anagawa kwa nne kama peremende."

Mwalimu akaweka kalamu. Huyu alikuwa mtu mpole, lakini si mjinga. "Kuna mizani ya malori kule yadi ya kokoto," alisema. "Wanaweza kupima magurudumu ya nyuma peke yake."

Matairi yenyewe yalikwisha kufungwa mchana ule. Mzee alikuwa amepiga simu na kusema neno moja, "Funga," na fundi akafunga.

Jumamosi asubuhi Bi Mkubwa alipakiwa nje ya nyumba ya wazazi. Miguu ya cherehani ikapanda kwenye keria, mwalimu na jirani wakiisukuma huku wakitukanana kwa heshima. Vichwa vya cherehani vikakaa nyuma, miguuni pa vijana. Unga ukaingia, vitambaa vikaingia, shangazi akaingia akiwa amevaa nguo yake nzuri, na gari likaketi kwa nyuma kama mtu aliyechoka kusimama.

"Baba," mkunga alisema, "kabla hatujapanda, tupite yadi ya kokoto tulipime gari."

Alitegemea vita. Lakini mzee alikuwa na furaha asubuhi ile, amenyoa, amevaa shati la kola.

"Twende," alisema. "Twende ukaaibike, halafu tupande mlima kwa amani."

Akashika usukani, mama kando yake. Yadi haikuwa mbali. Mzee aliendesha taratibu kuliko siku zote, na redio ikafunguliwa.

"Tuta hilo. Jingine. Mwenye baiskeli huyo, kushoto, amebeba nyasi. Lori linatoka. Bado, bado. Haya limepita. Shimo."

"Bibi, hata pumzi huvuti?" mjukuu mmoja aliuliza, na gari zima likacheka. Mkunga hakucheka. Alikuwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili na hakujua kwa nini.

Karani wa mizani alikuwa binti mwenye koti la rangi ya chungwa. Siku hiyo malori hayakuwapo, akakubali. Bi Mkubwa akapanda juu ya lile bamba la chuma, na kwenye kibao kilichokuwa juu ya dirisha la ofisi zikawaka namba nyekundu, kubwa, ambazo mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara angezisoma.

Wote walizitazama. Mzee naye alitazama, akangoja.

"Elfu mbili mia saba na sitini," mama akasema upesi.

"Enhe!" Mzee akapiga usukani kofi la ushindi. "Nilisema nini? Nilisema nini mimi?"

Nyuma wakapiga makofi. Shangazi akataka kujua kama sasa ameondolewa mashtaka. Mkunga peke yake ndiye ambaye hakupiga makofi. Kwa nini baba alingoja? Kwa nini mtu anayengoja ushindi wake, na namba imewaka mbele yake kubwa hivyo, asishangilie hadi aambiwe?

Akajibu mwenyewe kwamba labda ni jua machoni. Lakini jua lilikuwa nyuma yao.

"Sasa magurudumu ya nyuma peke yake," alisema, akafungua mlango, akashuka.

Karani akaenda mbele ya gari kumwongoza mzee. Alimpungia mkono: njoo, njoo, taratibu. Magurudumu ya mbele yakateremka kutoka kwenye bamba. Karani akainua kiganja, simama. Gari halikusimama. Akainua viganja vyote viwili, akaanza kurudi kinyumenyume, na gari likamfuata kwa mwendo uleule wa upole, kana kwamba wanacheza.

"Simama!" mama akapiga ukelele. "Mtu! Simama!"

Breki zikalia. Karani alikuwa ameruka pembeni, mkono kifuani. Mtu hahitaji hospitali nzima ili kuelewa alichokiona. Mkunga alielewa pale pale.

Mzee akarudisha gari kidogo, kwa sauti ya mama, hadi magurudumu ya nyuma yakakaa juu ya bamba. Kibao kikawaka upya. Mkunga akasogea hadi kwenye dirisha la dereva.

"Mama," alisema, "naomba unyamaze kidogo."

Mama akaufunika mdomo kwa kiganja.

"Baba, kibao kinasema ngapi?"

Mzee aligeuza uso kuelekea ofisini. Macho yake yakatua kwenye mlango, hatua tatu nzima kutoka kibao kilipo.

"Kwani wewe huna macho?"

"Ninayo. Nakuuliza wewe."

"Usimfanyie hivyo baba yako," mama akasema. Hiyo haikuwa sauti ya Bibi Redio. Ilikuwa ndogo, na ilikuwa inamwomba.

Mkunga angeweza kuacha hapo. Alimwona mwanawe mkubwa akiinamisha kichwa, alimwona mumewe akitazama magoti yake. Lakini alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hana adabu. "Baba. Ngapi?"

Mzee alizima gari. Mikono yake ikabaki kwenye usukani, ikiushika vizuri kama alivyowafundisha wengi kuushika.

"Sioni," alisema. "Mwanga nauona. Watu nawaona kama nguo zilizoanikwa. Namba sizioni. Tangu mvua za mwaka jana."

"Na matairi?"

"Muuzaji aliniambia ni yaleyale. Mimi sikutaka kumwomba anisomee, na mama yako hajui ipi kati ya namba zile ndiyo ya uzito. Nikapitisha kidole ubavuni, nikaipata tisa. Nikasema, kama kuna tisa, basi ni mia na tisa. Nikaridhika kwa sababu nilitaka kuridhika."

"Mwaka mzima unaendesha!"

"Anaendesha na mimi," mama akasema. "Nilimwambia njia. Kila siku nilimwambia njia. Mlidhani napenda kusema?"

Hapo mkunga alihisi mambo mengi kwa pamoja, na hayakupatana. Alimhurumia baba yake hadi akataka kulia. Alimkasirikia kwa kutaka kupandisha watoto wake kwenye ile hewa tupu. Na alijichukia, maana kila asubuhi alikuwa anawauliza wanawake wa watu kama wanaona vizuri, kama kichwa kinauma, kama miguu inavimba, na kwa mama yake mzazi, aliyekuwa macho ya mtu mwaka mzima, alikuwa amecheka kama wengine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na huu hata hakuwa ameuona kama mzigo.

Wa kwanza kusema alikuwa shangazi. "Kaka yangu," alisema, "heri kufa macho kuliko kufa moyo. Hilo nalikubali. Ila si ukiwa umeshika usukani, na mimi nimo ndani."

Mzee alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kisicho na raha, lakini kilimtosha kufungua mlango na kushuka.

"Nambari hamjaniambia," alisema akiwa chini.

"Elfu moja mia sita na kumi," mkunga akajibu.

"Nyuma peke yake?"

"Nyuma peke yake. Na matairi mawili yanabeba elfu moja mia tano."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Akapapasa ubavu wa gari hadi akalifikia tairi la nyuma, akalipiga teke dogo. "Basi wewe ulikuwa sahihi," alisema, "na fundi yule, nilimfundisha vizuri."

Mkunga akaendesha hadi kwa fundi. Hakuna aliyetangaza matuta, na alijikuta anayapanda yote kwa kishindo.

Fundi alipoliona gari limejaa watu, na mkunga kwenye usukani, alianza kusema jambo, kisha akaona uso wa mzee akalimeza. Akasema atayarudisha yale manne dukani mwenyewe, hayajala vumbi. Akaviringisha tairi jingine kutoka ndani, kubwa zaidi kifuani, akalisimamisha mbele ya mzee kama zamani utingo alivyomsimamishia dereva wake.

Mzee aliweka kiganja juu yake. Akakiacha hapo muda mrefu. Wote walikuwa wameshuka, wamesimama juani.

"Nisomee," alimwambia binti yake.

Mkunga akachuchumaa. Akasoma saizi. Akasoma mia na kumi na mbili, na fundi akaongeza kwamba hiyo ni zaidi ya inayotakiwa. Akasoma herufi ya mwendo, ile inayotaja kasi ambayo tairi linahimili. Akaanza kuinuka.

"Endelea. Kuna namba nne ndani ya duara dogo, mahali pake peke yake. Hiyo ni wiki na mwaka."

Akaitafuta, akaisoma.

"Lina miaka saba," mzee alisema. "Limezeeka likiwa ghalani. Mpira ukizeeka unapasuka hata ukipewa namba ya tembo. Wewe mkunga gani usiyeuliza mtoto kazaliwa lini?"

Vijana wakacheka, kwa tahadhari kwanza, kisha kwa kweli. Fundi akakuna kichwa, akalirudisha tairi ndani bila kubisha, akaleta jingine. Mkunga akasoma upya. Saizi ya kwenye kibandiko. Mia na tisa. Limezaliwa mwaka huu.

"Mia na tisa mara mbili nyuma?"

"Elfu mbili na sitini, baba. Sisi tuna elfu moja mia sita na kumi."

"Funga hayo. Na nyuma uongeze upepo kuliko mbele, kama kibandiko kinavyosema, si kama ulivyozoea." Halafu, kabla fundi hajageuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza spana, "Mimi sioni tena. Kuanzia leo dereva ni huyu."

Fundi aliushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, ile mikono mipana, akaushikilia, kisha akaenda kutafuta jeki.

Wakati gari likiinuliwa na matairi yakishuka, mzee alimvuta binti yake hadi upande wa pili wa kibanda, penye rundo la matairi makuukuu. Huko hakukuwa na mtu.

"Ulifanya sawa," alisema. "Ningewaua wajukuu wangu kwa ajili ya aibu tu. Hilo nalijua, na litanikosesha usingizi mimi, wewe usilibebe." Akaliegemea rundo la matairi. "Lakini ungeniita pembeni."

Mkunga alifungua kinywa kujitetea. Angeweza kusema, ningekuita pembeni ungekataa, ungenipandishia sauti kama Alhamisi, na sasa tungekuwa kwenye kona ya kwanza. Ilikuwa kweli. Lakini haikuwa kweli yote. Pale dirishani, alipouliza mara ya pili, hakuwa anaokoa mtu tena. Alitaka kushinda.

"Nisamehe, baba," alisema.

"Jumatatu nipeleke kwa watu wa macho. Nimeogopa mwaka mzima kusikia watakachosema." Alijaribu kutabasamu. "Na huko ukitaka kunisema, niseme mbele yao wote. Siri imeshakwisha."

Matairi yalipokuwa tayari, mama aliacha kiti cha mbele bila kuambiwa, akaenda kubanana na shangazi nyuma. Mzee akazunguka gari kwa kulipapasa, taa, bodi, kioo cha pembeni, akitafuta mlango ambao kwa miaka yote aliyomiliki gari lile hakuwahi kuutumia. Mkono wake ukapita kishikio, ukakikosa, ukarudi.

Mkunga alikwisha kunyanyuka nusu kwenye kiti cha dereva, amwahi, amfungulie. Akajizuia. Aliketi tena, akaweka mikono mapajani, akangoja hadi baba yake alipokipata mwenyewe.